Aliyemwachia Pacha Wake Nafasi ya Kuimba

Familia inawashukuru ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kumsindikiza mama huyu. Wengi wenu mlimfahamu kwa nyimbo zake za roki, na wengine mmeziimba miaka nenda miaka rudi bila kujua ni za nani. Waliomfahamu kwa sauti yake mwenyewe ni wachache, maana marehemu hakuwa msemaji. Mtangazaji mmoja wa redio aliwahi kumwomba aeleze maisha yake kwa ufupi. Akajibu, "Nilizaliwa, nikapiga gitaa," kisha akanyamaza mpaka mtangazaji akalazimika kuweka tangazo la sabuni. Leo hayupo wa kutuzuia, basi tutayaeleza kwa urefu kidogo.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 16 Oktoba 1956, katika chumba cha nyuma cha duka la kutengeneza redio, mtaa wa mafundi. Baba yake alikuwa fundi redio na mama yake fundi cherehani. Ukuta mmoja tu ulitenganisha kazi zao mbili, na watoto wa nyumba ile walikua wakidhani kila nyumba duniani inanuka lehemu na mafuta ya cherehani. Mkunga alimpokea yeye kwanza, akamwambia baba avute subira, mgeni wa pili yuko njiani. Chai ya baba haijapoa, akatoka wa kiume. Baba alizoea kusema kwamba yule wa kike alitangulia kuangalia kama umeme upo, na alipoona upo ndipo akamwita mwenzake. Kwa kuwa binti alitambaa akichezea nyaya za redio mbovu, aliitwa Waya, na jina hilo likamganda mpaka uzeeni. Kaka yake aliitwa Ngurumo. Sababu yake hata jirani wa mtaa wa tatu aliijua tangu juma la kwanza.

Pacha hao walikuwa chanda na pete. Ngurumo alianza kusema mapema, Waya hakusema kabisa. Akitaka maji, kaka yake ndiye aliyeomba, akichoka, kaka yake ndiye aliyepiga miayo. Walipoanza shule ya msingi mwaka 1963, mwalimu wa darasa la kwanza aliamua kuwatenganisha, mmoja dirishani na mwingine mlangoni, ili binti ajifunze kujisemea. Siku zikapita, hakufungua mdomo. Mwalimu alipomwinamia akamwuliza ana shida gani, jibu lilitoka upande wa pili wa darasa: "Anasema ana kiu, mwalimu." Hakuna aliyekuwa ameona wala kusikia pacha hao wakizungumza. Mwalimu akawarudisha dawati moja, na habari hiyo ikawa ya kuchekesha mtaani. Mama yao peke yake hakuicheka. Alisema mtoto anayesemewa kila kitu mwisho hujisahau.

Sekondari alisoma kuanzia mwaka 1971 hadi 1974, na huko ndiko alikoanza kutunga. Baba yao alimwundia gitaa la kwanza la umeme kwa ubao wa kitanda, na amplifaya kwa redio ambazo wenyewe walizileta wakafa au wakahama bila kuzifuata. Siku ya kuijaribu, mchana kweupe, Waya alipiga mkupuo mmoja tu wa nyuzi na mtaa mzima ukazimika umeme. Dobi alitoka na pasi mkononi, kinyozi akatoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, wote wakielekea dukani kwa fundi redio. Baba aliwapokea mlangoni akiwa amewashika pacha hao mabegani, akasema, "Ni wangu wote wawili," na kwa namna alivyosema, watu walishindwa kujua kama anaomba radhi au anajisifu. Baadaye marehemu alisomea umeme na mitambo katika chuo cha ufundi, akamaliza mwaka 1976, mwanamke pekee katika darasa lake.

Bendi yao waliianzisha wakiwa bado shuleni, wao wawili pamoja na mpiga dramu na mpiga besi, wote vijana wa mtaa. Waliiita Paa la Bati, kwa kuwa walifanyia mazoezi kwenye banda la bati nyuma ya duka. Mvua ikinyesha hawakusikiana, wakaongeza sauti. Mvua ilipokatika, hawakupunguza. Ndivyo walivyoingia kwenye roki, kwa maelezo ya marehemu mwenyewe. Waya ndiye aliyetunga yote, maneno na muziki, lakini hakukubali kuimba hata kiitikio. Alitunga kwa ajili ya koo moja. Kama mama yake alivyoweza kukata kitambaa kwa kumtazama mtu bila kumpima, naye alijua Ngurumo atavuta pumzi wapi, atapasuka wapi, atashuka wapi. Walitoa santuri mbili. Katika ile ya pili ndimo ulimo wimbo mnaoujua wote, wa mtu anayebisha mlangoni kwao:

*Hodi, nifungulie mlango,*
*mvua imeshanijua jina,*
*mimi si mgeni hapa.*

Jumamosi, tarehe 21 Aprili 1979, Paa la Bati walipiga katika ukumbi mkubwa wa mji mwingine, mbele ya watu wengi kuliko waliowahi kuwaona mahali pamoja. Walipofika kwenye wimbo huo, Ngurumo aliimba, "Mimi *ni* mgeni hapa." Aliimba hivyo kila mara ulipofika mstari huo. Watu walishangilia, hawakujua kilichobadilika. Waya alijua. Asubuhi yake, wakinywa chai kwenye kantini ya nyumba ya wageni, alimwuliza.

"Nilikuandikia *si*. Umeimba *ni*."

"Nimeimba nilichosikia," Ngurumo alijibu.

"Ulikisikia wapi, na mimi ndiye niliyeandika?"

Ngurumo alicheka akasema hajui, ilikuja yenyewe. Kicheko hicho kilimuudhi dada yake kuliko neno lenyewe. Tangu utoto hakuna kilichokuwa kimewahi kumjia mmoja bila mwingine kujua kimetoka wapi. Alichukua kikombe chake akahamia meza nyingine, na wakati wa kuondoka hakupanda gari dogo pamoja na kaka yake. Alipanda lori la vyombo, akakaa mbele na mpiga dramu, akanuna njia nzima.

Mchana huo mto uliokuwa katikati ya safari yao ulikuwa umefurika, maji yakipita juu ya daraja. Gari dogo lilitangulia. Lori lilipofika, watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama maji, na gari halikuwepo. Dereva na mpiga besi waliokolewa wakiwa wameshikilia matawi. Maji yalipopungua, gari lilipatikana likiwa limelala ubavu kwenye mchanga, milango wazi. Ngurumo hakupatikana siku ile, wala zilizofuata, wala mpaka leo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili.

Hakuna aliyezikwa. Wazee wa familia walishauri wafanye maombolezo hata bila mwili, na mama yao alikuwa tayari, lakini Waya alikataa. Alisimama mlangoni mwa nyumba yao akawaambia watu waliokuja na mikeka waende nayo. Baba hakusimama upande wowote. Aliingia dukani akawasha redio zote zilizokuwa nzima, kila moja stesheni yake, akakaa katikati ya kelele hiyo mpaka jioni. Mwaka ulipotimia, mama alimwita binti yake kwenye cherehani.

"Mwanangu, niache nimlilie."

"Hajafa, mama."

"Kama hajafa, mbona haji kula?" mama alisema. "Unaninyima kilio changu."

Mama hakurudia ombi hilo, na hakumlilia mwanawe hadharani, kwa kuwa hakutaka kumpoteza na huyu aliyebaki. Alifariki mwaka 1991, miaka minne baada ya mumewe, akiwa bado anasubiri ruhusa hiyo.

Bendi ilikufa kifo chake. Marehemu aliajiriwa mwaka 1980 kama fundi mitambo katika studio ya kurekodi, akafanya kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 2008. Lakini kila Jumamosi alipanda basi akaenda mtoni. Ndipo walipokuwa wakijenga daraja jipya, na ndipo alipoonekana na kijana mpima ardhi wa mradi huo. Jumamosi ya kwanza kijana alimletea kigoda cha kukunja, hakusema neno. Ya pili akamletea mwavuli. Ya tatu akauliza.

"Dada, unamsubiri mtu?"

"Ndiyo."

"Anatokea upande gani?"

Waya akaonyesha maji kwa kidole. Kijana hakucheka wala hakumwonea huruma. Alikunjua ramani yake juu ya jiwe, akamwonyesha kwa ncha ya penseli mto unapopinda, unapokimbia, unapochoka na kutawanyika kwenye matete. Marehemu alisema baadaye kwamba watu wote walimwambia awe na subira, huyu peke yake alimwambia atafute wapi. Walitembea ukingo ule pamoja viangazi viwili. Waliokota sufuria, mlango wa gari, na kiatu ambacho hakikuwa chake. Kisha siku moja mpima ardhi akamwambia kwamba kutafuta wanaweza kuendelea kutafuta hata wakiwa wameoana. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 10 Desemba 1983, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili na wa kiume mmoja.

Mume wake hakudanganywa. Alijua anaingia nyumba ya nani. Alizoea kuwaambia wageni, "Nilioa mmoja nikaletewa wawili. Ahueni yangu ni kwamba wa pili hali chakula." Wageni walicheka, naye alicheka nao, kisha aliinuka kwenda kuongeza maji ya chai.

Nyimbo za marehemu wakati huo zilikuwa za aina mbili, na watoto wake walizipa majina: nyimbo za kutoka na nyimbo za kukaa. Za kutoka aliwatungia wanamuziki wengine, haraka, mara nyingine akiwa amesimama jikoni na mwiko mkononi, na ndizo mlizozisikia kwenye viwanja vya mpira na kumbi za harusi. Za kukaa hazikuvuka mlango wa sebule. Alizirekodi mwenyewe kwenye kanda, gitaa juu ya gitaa, besi yake, midundo yake, kila kitu isipokuwa sauti. Halafu aliketi kwenye kochi, akaiachia kanda icheze na gitaa lake mapajani, na mahali ambapo mwimbaji angeingia, alipunguza kupiga, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Mara aliitikia kwa kichwa. Mara alisema, taratibu tu, "La, hapo umechelewa," akarudisha kanda nyuma.

Watoto walikua wakijua nafasi hiyo kama wanavyojua ngazi yenye hitilafu: huikanyagi. Walikuwa wakigombana, kanda ikifika hapo, wananyamaza, nafasi ikipita, wanaendelea na ugomvi pale walipoachia. Wageni waliojua walinyamaza nao. Wasiojua walishangaa kuona familia nzima imeshika vikombe hewani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na katika nyumba ile kimya kilikuwa na kiti chake, na zamu yake ya kusema. Mtu alipobisha hodi, marehemu alitulia kwanza akaisikiliza sauti, ndipo akasema karibu. Ilikuwa muda mfupi sana, lakini watoto waliuona usoni mwake kila mara.

Binti yake mkubwa, huyu anayewasomea wasifu huu, alikuwa na umri wa miaka minane alipojikuta siku moja anaimba mle ndani ya nafasi. Alikuwa sakafuni akichezea vifungo, akaimba maneno yake ya kitoto bila kufikiri. Mama alizima kanda. Aliweka gitaa chini, akatoka uani, akasimama akitazama kamba ya nguo isiyokuwa na nguo. Mtoto alimkimbilia baba akilia kwamba amekosa. Baba akamwambia, "Hukukosa. Umekalia kiti cha mjomba, nawe hukujua kina mtu." Jioni mama alimwita, akamkalisha katikati ya magoti yake, akamchana nywele kwa muda mrefu kuliko nywele zilivyohitaji. Mwishoni alisema, "Una sauti nzuri. Usiimbe hapo." Hakupata kuutaja mkasa huo tena.

Tangu mwaka 2003 masikio yake yalianza kufifia. Daktari wa masikio alimweleza kwamba hayo ni malipo ya kusimama mbele ya spika ujana wote, akampa vifaa vya kusikia, ambavyo alivivaa siku za wageni tu. Familia ilidhani uziwi utamnyima zile saa zake za sebuleni. Haukumnyima. Alisema kadiri nje inavyonyamaza, ndivyo ndani kunavyosikika vizuri zaidi, na familia ikaogopa kidogo kwa namna alivyofurahi.

Mchana mmoja wa Machi mwaka 2010 aliingia jikoni, ambako mumewe alikuwa akimenya viazi, akasimama karibu na meza.

"Hakuja," alisema.

Mumewe aliweka kisu chini. "Labda amechoka."

"Tangu juma lililopita haji. Naacha nafasi, inapita tupu."

Aliagiza binti yake mkubwa aje na chombo cha kuchezea santuri, kwa kuwa chao kilikuwa kimekufa zamani. Tangu ule mchana wa mtoni alikuwa hajaisikiliza santuri yoyote ya Paa la Bati, hakuona haja. Alivaa vifaa vyake vya kusikia, akaketi, wimbo ukaanza, Ngurumo akaingia. Mama alisikiliza mstari wa kwanza na wa pili. Kisha akamgeukia binti yake.

"Huyu mtoto ni nani?"

"Ni mjomba, mama."

"Mjomba wenu ninayemsikia mimi sauti yake ina mvi," alisema. "Huyu ni mvulana. Huyu angeweza kuwa mwanangu."

Alisikiliza mpaka sindano ikaanza kukwaruza katikati. Alikuwa ameshika kitambaa cha kochi kwa mikono miwili. Hatimaye akauliza, si kwa mtu yeyote hasa, "Kama Ngurumo ni huyu, yule aliyekuwa akiniimbia hapa miaka yote ni nani?"

Marehemu alilifunika gitaa kwa shuka. Kwa majuma kadhaa hakuingia sebuleni. Alipita nje kwenda chumbani, hata mvua ikinyesha. Mumewe, aliyeishi na wawili tangu siku ya ndoa, alisema nyumba ilikuwa haijawahi kumtisha mpaka wakati huo, alipobaki na mmoja.

Mwishowe aliomba aitiwe mpiga besi, yule aliyeokolewa mtoni, ambaye siku hizi ni mfamasia na yupo hapa pamoja nasi. Walikuwa wameonana mara nyingi katika miaka hiyo yote, kwenye harusi za watoto na misiba ya wazee, na hawakuwahi kuutaja mto. Waya hakuwahi kumwuliza kitu, kwa sababu kuuliza habari za mwisho za mtu ni kukubali kwamba ni za mwisho. Alikuja Jumapili baada ya chakula cha mchana, akakaa kwenye kiti cha jikoni. Marehemu alivaa vifaa vyake.

"Ndani ya gari, alikuwa amenuna?"

Mpiga besi hakuuliza nani, wala gari gani.

"Alikuwa amelala," alisema. "Kichwa begani kwangu. Alikuwa anakoroma."

"Mpaka mtoni?"

"Mpaka mtoni. Nilimtikisa maji yalipotushika. Sidhani hata aliamka vizuri, dada. Nilimshika shati, likanitoka."

Marehemu alijiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutetemeka. Mumewe alidhani analia, kumbe anacheka. "Alikoroma kama trekta tangu mtoto," alisema, "mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja." Alicheka mpaka kicheko kikageuka, na hapo ndipo mumewe alipomwona kwa mara ya kwanza akimlilia kaka yake. Mpiga besi alilia naye, maana ule uzito wa shati alikuwa ameubeba peke yake. Walipotulia, marehemu alifuta uso kwa kanga, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya unga, "Basi amekufa."

Baada ya hapo mpiga dramu na mpiga besi walimshawishi nyimbo za kukaa zitoke. Hakukubali mara moja. Alikataa waimbaji wa kiume wote walioletwa, mpaka mpiga dramu alipomleta mwanamke muuza vitambaa mwenye sauti nzito, aliyekuwa akiimba kwenye harusi za wateja wake. Mwanamke huyo alihangaika sana na zile nafasi. Zilikuwa ndefu mahali asipotegemea na fupi mahali alipotaka kupumua, kwa sababu zilikatwa kwa pumzi ya mtu mwingine. Marehemu alimwangalia akihangaika siku mbili, kisha akaketi na gitaa akaanza kuzipima upya, moja baada ya nyingine, kwa kifua cha mama huyo.

Jumamosi, tarehe 12 Novemba 2011, zilipigwa katika ukumbi wa manispaa. Marehemu hakupanda jukwaani. Aliketi pembeni kwenye kiti cha plastiki, kiganja chake kikiwa juu ya spika, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyosikia vizuri zaidi. Sauti ilipoingia mara ya kwanza, aliuondoa mkono kama aliyeunguzwa, akauangalia, akaurudisha. Watu walipokuwa wakishangilia, alimvuta mumewe karibu na kumwambia sikioni, "Kumbe ni nyimbo." Mumewe anasema alilitamka kwa mshangao, kama mtu aliyegundua kwamba mzigo aliobeba safari nzima ulikuwa nguo zake mwenyewe. Siku iliyofuata alikwenda peke yake kwenye kaburi la mama yake akakaa huko muda mrefu. Alichomwambia ni chao wawili.

Nyimbo hizo zilitolewa kwenye albamu mbili, na vijana wengi wanaopiga roki leo walijifunzia humo. Marehemu aliendelea kutunga kwa ajili ya sauti za watu walio hai, akawa mkali kwao kama alivyokuwa kwake mwenyewe. Wakimwuliza kama bado anamsikia yule wa zamani, alisema hapana. Mara moja tu, alipoulizwa na mwanawe wa kiume, alisema hapana, kisha akaongeza, "Lakini naye hajasema kwaheri."

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alipokea matibabu ya kusafishwa damu katika hospitali ya wilaya, na familia inawashukuru wauguzi ambao alikuwa akiwasahihisha namna ya kukunja nyaya. Mwezi Mei mwaka huu wa 2023 aliomba arudishwe nyumbani. Alituita sote kitandani, akazungumza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Alisema, "Mkinizika mimi, mzikeni na yeye. Mlieni wawili. Mama hakupata." Mtoto wake wa mwisho alimwuliza watamzikaje mtu asiyekuwepo. Akajibu kwamba jiwe linatosha, na kwamba mtu aliyekwisha kufa ana haki ya kuambiwa.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Juni 2023, asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akimsomea gazeti kwa sauti ya juu karibu na sikio. Alipomaliza ukurasa, hakuombwa ageuze.

Marehemu ameacha mume, ambaye mpaka leo akizungumza hunyamaza kidogo katikati ya maneno, kwa mazoea ya nyumba yake. Ameacha mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja, wakwe wawili, wajukuu wanne, mpiga dramu na mpiga besi ambao kwetu ni wajomba, na yule mama muuza vitambaa, ambaye marehemu alimwita wifi bila mtu kuuliza kwa nini.

Kwa hiyo, ndugu zetu, msiba huu ni wa watu wawili, na jiwe mnaloliona lina majina mawili. Wa pili alizaliwa Jumanne, tarehe 16 Oktoba 1956, katika chumba kile kile, chai ya baba haijapoa. Alisoma shule zile zile. Aliimba. Mto ulimchukua Jumapili, tarehe 22 Aprili 1979, akiwa usingizini. Hakuoa, hakuacha mtoto, na hakuna aliyewahi kukaa mkekani kwa ajili yake. Mama yake aliomba amlilie, akanyimwa na aliyempenda kijana huyo kuliko wote, na huyo huyo ndiye aliyetutuma leo tuwaambie kwamba sasa ruhusa ipo. Anayetaka kumlilia Ngurumo, amlilie.

Dada yuko hapa, kaka yuko huko mto ulikomlaza. Wapumzike kwa amani, wote wawili.